Rosa Mistika: Kitabu cha Wazazi

Wengi wameikimbia Rosa Mistika (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, kwa kuiona chafu. Hata shuleni iliwahi kupigwa marufuku. Mimi nasema mzazi na aisome. Zakaria, baba mlevi, ampiga bintiye pigo za kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa awaogopa wanaume; kisha, akiwa mbali na nyumbani, ajitupa kwao pasi na kiasi. Jirani huona uhuni tu. Sisi wa pwani pengine tungesema kapagawa, tukachoma ubani. Riwaya yatuonyesha nafsi iliyougua tangu kipigo kile. Mwisho Rosa ajiua. Kujiua ni haramu, hapana shaka, lakini tafuta humo kitabuni, msomaji, nani alikaa naye akamwuliza, “Mwanangu, una nini?”