Mwenye na Mwenyewe: Nafsi ya Tumaini katika Dunia Uwanja wa Fujo

Uhakiki wa nafsi katika riwaya za Euphrase Kezilahabi umezoea kuanzia kwenye udhanaishi. Kichwamaji (1974) inapohoji maana ya maisha, msomaji hupelekwa kwa Sartre na Camus. Nagona (1990) na Mzingile (1991) zinapovunja usimulizi wa kawaida, huelekezwa huko huko. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) husomwa zaidi kama riwaya ya siasa ya Ujamaa. Makala haya yanadai kwamba riwaya hiyo nayo inauliza swali la nafsi, tena kwa ukali, na kwamba inaliuliza kwa nyenzo za Kiswahili chenyewe.

Nyenzo hizo zimo katika shina -enye. Mwenye ni mtu aliye na kitu. Mwenyewe ni mtu yuleyule wala si mwingine. Hata hivyo, mwenyewe ni mmiliki pia: tukisema shamba lina mwenyewe, tunazungumzia miliki. Mwenyeji, neno ambalo kwa kawaida huchanganuliwa kuwa mwenye mji, ni mtu wa mahali. Kumiliki, kuwa wa mahali na kuwa mtu fulani ni dhana tatu zinazoshiriki shina moja. Sidai kwamba kila asemaye nimekuja mwenyewe anafikiria mali. Sarufi haiamui fikra. Ninachodai ni kwamba uhusiano huo umo katika lugha, na kwamba msuko wa Kezilahabi unautumia.

Tumaini ni mtu wa Ukerewe anayehamia Shinyanga baada ya ujana wa anasa. Huko analima na kutajirika. Anakuwa mwenye shamba mahali ambapo si mwenyeji, na shamba ndilo linalomfanya ahesabiwe kuwa mtu. Utekelezaji wa Ujamaa unapotishia kulichukua, anampiga risasi Mkuu wa Wilaya, na mwisho wake ni kitanzi. Ni vigumu kwa msomaji wa Kitanzania kutomkumbuka Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyeuawa na mkulima Said Mwamwindi tarehe 25 Desemba 1971. Ulinganisho huo ni halali, lakini hauelezi kwa nini Tumaini haoni njia nyingine. Kwa maoni yangu, ndani yake mwenye na mwenyewe vimekwisha kuwa kitu kimoja, hivyo kunyang'anywa shamba ni kunyang'anywa nafsi.

Upande wa serikali nao ulikuwa na dhana yake ya nafsi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifanya kujitegemea kuwa neno la taifa. Tofauti na viambishi vya yambwa kama -ni-, -ku- na -tu-, kiambishi -ji- cha kujirejea hakibadiliki kwa nafsi wala idadi: ninajitegemea, tunajitegemea. Ni kiima pekee kinachotujulisha nani anajirejea. Tumaini anajitegemea katika nafsi ya kwanza umoja. Serikali inamtaka ajitegemee katika nafsi ya kwanza wingi. Wote wawili wanatumia kitenzi kilekile, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake anakipotosha.

Je, lugha ndiyo iliyomfunga Tumaini? Mkoa uleule wa Shinyanga unatoa jibu. Katika machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, mwenye shamba, mwenye leseni na mwenye duara wanaweza kuwa watu watatu juu ya ardhi moja, kwa kuwa haki ya kuchimba hutokana na leseni, haitokani na kumiliki shamba lililo juu ya mwamba. Mtu huitwa mwenye duara kwa muda ambao duara linachimbwa. Dhahabu ikiisha, jina hilo humtoka, naye huweza kwenda Kahama au Geita kuanza upya. Hakuna anayesema kwamba amekoma kuwa yeye mwenyewe. Wazungumzaji wa Kiswahili hichohicho hutenganisha kila siku kile ambacho Tumaini amekiunganisha. Kosa lake la kimsingi, basi, ni lake na la jamii iliyompimia utu kwa ekari.

Hapa ndipo ninapoona upungufu wa riwaya. Kwa kumpeleka Tumaini kitanzini, Kezilahabi hampi nafasi ya kuishi kama mtu asiye na shamba, na swali la nani angebaki linakatizwa. Miaka 15 baadaye, Nagona inamleta msimulizi asemaye mimi bila mali ya kumtambulisha. Wahakiki wameuona mgeuko huo kama kuuacha uhalisia. Nauona pia kama mwendelezo: mtunzi amemwondolea mhusika umwenye ili achunguze umwenyewe. Wanaofundisha riwaya hizi wangefaa kuzifundisha pamoja, wakianzia kwenye shamba la Shinyanga.