Ronson alisukumwa kwenye kipaza sauti

Rudia Slaughter on 10th Avenue, upande wa kwanza, kisha uniambie nani aliona ni sawa albamu ya kwanza ya mpiga gitaa Mick Ronson, mwaka 1974, ifunguliwe na Love Me Tender. Wimbo wa Elvis, wa polepole, ambao Elvis mwenyewe alikwisha kuumaliza! Mashabiki waliomwona jukwaani na David Bowie walikuwa wakingoja gitaa. Wakapewa sauti nyembamba, safi lakini haina kifua, inayokanyaga kila noti kwa tahadhari. Ile Les Paul iliyokwanguliwa rangi usoni, na pedali ya wah aliyoikanyaga nusu na kuiacha hapo hapo mpaka noti ikatoka kama inalia, zimewekwa nyuma ya mwimbaji. Tena wimbo huo huo ukatolewa kama singo.

Kosa hilo halikuanzia studio. Bowie alipomzika Ziggy, mhusika wake wa jukwaani, pale Hammersmith Odeon, Julai 3, 1973, uongozi wa MainMan, kampuni ya umeneja chini ya Tony Defries, ulitaka nyota mwingine wa kumweka mbele. Ukaona nywele za dhahabu na nguo za kumetameta, ukaamua huyu naye ataimba. Nimeshaandika na sichoki: mameneja huuza wanachokiona, masikio hawana.

Jeff Beck, shujaa wa Ronson mwenyewe, alitegewa mtego huo huo. Mwaka 1967 mtayarishaji Mickie Most alimwimbisha Hi Ho Silver Lining, na ikauza. Lakini Beck akakataa kubaki hapo. Mwaka uliofuata, kwenye albamu yake Truth, kipaza sauti alikishika Rod Stewart, Beck akarudi kwenye nyuzi. Ndivyo mpiga gitaa anavyojilinda. Ronson alikuwa mpole mno kwa watu wa namna ile.

Kwenye albamu hiyo ya Ronson, Only After Dark ni kazi nzuri. I'm the One pia.

Ila wimbo unaobeba jina la albamu, uliotoka kwenye muziki wa dansi wa Richard Rodgers wa 1936, ndio unaowahukumu waliopanga orodha. Hakuna anayeimba. Gitaa linashika melodi, linaivuta noti hadi ukingoni, na bendi inapanda taratibu chini yake. Ronson huyu, kijana aliyekuwa mtunza bustani wa halmashauri ya Hull, ndiye aliyepanga fidla za Life on Mars? ya Bowie na akashirikiana kutayarisha albamu Transformer ya Lou Reed. Nao wakauweka wimbo huo mwisho kabisa wa upande wa pili!

Albamu ilifika namba 9 Uingereza, ya pili ikafuata 1975, na hakutoa nyingine ya kwake hadi saratani ya ini ilipomchukua Aprili 29, 1993, akiwa na miaka 46. Ukiipata santuri hiyo, anza na wimbo wa mwisho.