Hofu ya Nani?

Makala ya James Q. Wilson na George Kelling juu ya madirisha yaliyovunjika, iliyochapishwa Marekani mwaka 1982, naisoma kwa heshima lakini kwa mashaka. Wanaeleza kwamba mjini Newark polisi walipopiga doria kwa miguu, uhalifu haukupungua, ila wakazi walijiona salama zaidi. Hilo si jambo dogo: mwenye hofu hujifungia ndani, na mtaa ukabaki mtupu. Lakini mlevi aliyekatazwa kulala barazani, na mgeni aliyefukuzwa, je, nao walijiona salama? Makala haiulizi. Waandishi wenyewe wanakiri kuwa hawana jibu la kutosheleza la kumzuia polisi asigeuke chombo cha chuki za mtaa. Kwangu mimi, swali hilo ndilo lilistahili kutangulia.