Maneno Chini ya Picha: Uhakiki wa Taswira za Askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani

Picha za askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) zilizomo katika Mkusanyo wa Liljenquist, Maktaba ya Bunge, Washington, husifiwa kwa uwazi wake. Nyingi ni picha ndogo za kioo au za bamba la chuma, zilizotiwa katika visanduku vinavyoenea kiganjani. Makala hii inadai kuwa uwazi huo haujitoshelezi. Maana ya picha hizi hutegemea maneno yanayoambatishwa nazo, na mfasiri wa Kiswahili hana budi kuyapima.

Kwanza, picha yenyewe si shahidi mnyofu. Utengenezaji wake hugeuza kulia kuwa kushoto, hata herufi “US” za kwenye bizimu ya mkanda husomeka kinyumenyume. Aidha, vifungo hutiwa rangi ya dhahabu kwa mkono, na mashavu rangi ya waridi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika picha ya mwaka 1861 hivi, Sajini Andrew Chandler wa Mississippi, mpiganaji wa Shirikisho la Kusini, ameketi ubavuni mwa Silas Chandler. Wote wamevaa sare na kushika silaha. Jicho pekee lingeona askari wawili. Maelezo ya Maktaba, hata hivyo, yanamtaja Silas kuwa mtumwa wa familia, na sheria inayathibitisha: Shirikisho halikuidhinisha kuandikisha askari weusi hadi Machi 1865. Mfasiri anayechagua “mtumishi” ili kulainisha lugha huufuta umiliki na kubakiza ajira. Maneno haya mawili yana mzizi mmoja, -tum-, lakini “mtumwa” hubeba kiambishi cha kutendwa. Herufi hiyo moja ndiyo inayobeba ukweli wa picha.

Mfano wa tatu ni askari mweusi wa Muungano, mmoja kati ya takribani 179,000, aliyepigwa picha akiwa na mkewe na binti zao wawili waliovaa sare kwa sare. Picha iliorodheshwa bila jina lake. Tafsiri nyepesi ni “askari asiyejulikana”. Kirai hicho kina kasoro mbili. Kinaficha mtenda, kwani mke na watoto walimjua vyema. Pia, magazeti ya Kiswahili yamekizoeza kwa wahalifu ambao hawajatambuliwa. “Askari ambaye jina lake halikuhifadhiwa” ni kirefu, na nafasi chini ya picha ni finyu. Hata hivyo, kinalipeleka kosa kwa waliotunza kumbukumbu, si kwa mtu aliyevaa nguo zake nzuri, akaita familia yake, akaketi mbele ya kamera ili akumbukwe.

Kwa hiyo, uhakiki wa picha za kale hauanzii machoni tu. Katika madarasa ya Kiswahili, uanzie pia katika sarufi ya sentensi iliyo chini yake.