Ungo wa Waamuzi

Ipo kazi katika fasihi ambayo ni nadra kusifiwa, nayo ni kazi ya kupepeta, yaani kusoma riwaya nyingi kwa haki na kwa uvumilivu hadi zibaki chache zinazostahili kuwekwa mbele ya umma; na kazi hiyo haionekani vizuri popote kama inavyoonekana katika orodha ndefu, ile orodha ya kwanza ya vitabu vinavyowania tuzo kabla havijapunguzwa kuwa orodha fupi na hatimaye kubaki kimoja. Mshindi ndiye anayepigwa picha, lakini anayetaka kujua waamuzi walisomaje hana budi kurudi kwenye orodha ndefu.

Tuzo ya Riwaya ya Wanawake ya Uingereza yenyewe ilizaliwa kutokana na orodha. Mwaka 1991 waandishi sita waliotajwa katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker, iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote nchini humo, walikuwa wanaume watupu, ilhali wanawake walikuwa wakichapisha riwaya kwa wingi. Riwaya ya Ben Okri iliyoshinda mwaka huo ilistahili heshima yake. Kasoro ilikuwa katika macho ambayo hayakushtuka kumkosa mwanamke hata mmoja. Watu wa vitabu walioshtuka, akiwemo mwandishi Kate Mosse, walianzisha tuzo ya wanawake peke yao, na mwaka 1996 Helen Dunmore akawa wa kwanza kuipokea. Mshindi hupewa pauni 30,000 pamoja na sanamu ndogo ya shaba iitwayo Bessie.

Orodha ndefu ya mwaka 2025, iliyotolewa na waamuzi watano chini ya uenyekiti wa mwandishi Kit de Waal, ilikuwa na riwaya 16, na tisa kati yake zilikuwa riwaya za kwanza za watunzi wake. Kando ya wageni hao lilikaa jina la Chimamanda Ngozi Adichie, aliyeipata tuzo hiyo mwaka 2007 na ambaye mwaka 2020 wasomaji walimpigia kura kuwa bora kati ya washindi wote 25 wa tuzo hiyo, yeye akiwa mmojawapo. Riwaya yake mpya, Dream Count, iliingia katika orodha ndefu lakini haikufika katika zile sita za orodha fupi. Mtu anaweza kutokubaliana na uamuzi huo, kwa kuwa Adichie ni mwandishi mkubwa kwa kipimo chochote. Hata hivyo, ungo unaopepeta jina badala ya nafaka haufai, na waamuzi hao walithubutu kupepeta nafaka.

Ufundi wao unadhihirika zaidi katika kitabu walichokipa ushindi mwezi Juni, The Safekeep, riwaya ya kwanza ya Yael van der Wouden. Kisa chake kinatokea Uholanzi mwaka 1961, katika nyumba ya mashambani anamoishi Isabel, mwanamke mkavu anayelinda vyombo vya marehemu mama yake kwa kuvihesabu, na anayeanza kuona vitu vikipotea baada ya Eva, mpenzi wa kaka yake, kuletwa akae naye. Msomaji wa haraka angedhani mbele yake kuna ugomvi wa wanawake wawili juu ya vijiko na sahani, na kwa muda mrefu wahakiki wengi walizipuuza riwaya za namna hiyo kwa kuziita hadithi za jikoni. Lakini sahani hizo zina historia, na historia hiyo inarudi hadi miaka ya vita, Wayahudi walipochukuliwa na nyumba zao zikabaki na vyombo vyake ndani. Hivyo hesabu ya vijiko, iliyoonekana kuwa pambo tu, ndiyo msuko wenyewe wa riwaya, yaani mfuatano wa matukio unaobeba maana yake. Kulitambua hilo katikati ya rundo la vitabu, macho yakiwa yamechoka na siku zikiwa zimekwisha, ni umahiri unaokaribiana na wa mtunzi mwenyewe.

Ungo huo, hata hivyo, una mpaka wake. Kanuni zinataka riwaya iwe imeandikwa kwa Kiingereza tangu awali, na tafsiri hazipokelewi, kwa hiyo riwaya ya Kiswahili kama Mali ya Maskini ya Zainab Burhani, hata kama ingetafsiriwa kwa ustadi wa hali ya juu, isingeweza kuwekwa mezani. Waingereza hawastahili lawama kwa hilo, kwa kuwa kila lugha ina wajibu wa kupepeta mazao yake. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, kama ilivyoitwa wakati huo, iliyo wazi kwa wanawake na wanaume, ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, zawadi ya kwanza ya riwaya ilikwenda kwa mwanamke, Anna Samwel Manyanza, kwa riwaya yake Penzi la Damu. Kwa kuwa mazao yapo, wachapishaji na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na waanzishe sasa tuzo ya riwaya za wanawake wanaoandika kwa Kiswahili, na kila mwaka, kabla ya kumtaja mshindi, wautangazie umma orodha ndefu kamili.