Hongera Fundi Ujenzi wa Muheza

Mafundi wa Muheza, hongereni! Mnajenga kwa vitu vya nyumbani. Saruji inatoka jirani, Pongwe, kwenye kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1980. Milango na fremu mnazichonga kwa mbao za mtiki, mti unaopandwa hapa hapa wilayani, katika shamba la Longuza. Mafuta yaliyomo ndani ya mbao hiyo huwafukuza mchwa, ndiyo maana mlango wa mtiki humzika aliyeuweka.

Lakini saruji, nondo, kokoto na bati ni mzigo tu mpaka mikono yenu iguse. Timazi ndiyo inayosema kama ukuta umesimama, pima maji inasema kama kozi imelala sawa, na mwiko unamalizia. Nawasifu zaidi kwa subira: lenta ikishamwagwa, mnainywesha maji siku saba nzima, kwa kuwa zege huimarika kwa maji, nayo ikikauka haraka hupasuka. Mvua za Usambara hazimwonei haya fundi mzembe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninyi mnauzuia ufa usizaliwe.