Picha ya Pafu na Jicho la Mjuzi

Tangu 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vumbi la mgodi limekuwa likiingia hadi vyumba vya kulala. Mnamo 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya kobalti iliyokutwa kwenye vumbi la nyumba na mkojo wa wakazi. Anayevuta vumbi la mgodini anataka kujua hali ya mapafu yake, lakini eksirei ya kawaida hupima miale iliyonyonywa tu, na pafu limejaa hewa, isiyonyonya karibu chochote.

Mbinu za awamu (phase contrast) hutazama wimbi lenyewe linavyosogea na kupinda ndani ya tishu. Kwenye nyama laini, athari hiyo yaweza kuzidi ya kunyonywa mara elfu.

Njia rahisi haihitaji kioo wala fuwele: kipokezi husogezwa nyuma, kila ukingo ukajitokeza. Sinkrotroni (mtambo mkubwa wa kuzalisha eksirei) ya Grenoble, Ufaransa, ilionyesha mwaka 2021 pafu zima la binadamu, kisha ikasogelea sehemu zake kwa kipimo cha mikroni. Uzuri wa picha zake hauna mpinzani, ila pafu hilo ni la marehemu. Tena mgeni hudanganywa na mistari myeupe ya kingo, ambayo huzaliwa na umbali wa kipokezi. Kanuni ya mwanafizikia Paganin ya 2002 huifuta, lakini hukisia kwamba kitu kizima ni cha aina moja. Basi chunguza mfupa unapokutana na nyama. Ukungu ukitanda hapo, usiuamini.

Kipimo cha fuwele, alichokitumia mtafiti Momose kwa tishu mwaka 1996, ni chepesi cha kuhisi kupita mbinu zote, na hakivumilii mtikisiko.

Kwa Kolwezi, isiyo na mtambo kama huo, nyavu za mistari myembamba (gratings) zinazowekwa kwenye njia ya miale ndizo zenye maana. Mwaka 2006 mtafiti Pfeiffer na wenzake walizifanyisha kazi kwa mrija wa kawaida wa eksirei. Mfululizo mmoja wa mapigo hutoa picha tatu: ya kunyonywa, ya kupinda, na ya miale iliyotawanyika. Hii ya tatu, iliyojaribiwa Munich kwa wagonjwa wa mapafu mwaka 2021, haina sura ya kuvutia: hakuna kifuko cha hewa kinachoonekana. Hata hivyo pafu zima hung'aa kwa sababu vifuko vyake hutawanya miale, na vikiharibika mng'aro hufifia.

Zidai picha zote tatu, uzipange sambamba. Mistari ya mawimbi inayokatiza kifua ni kasoro ya nyavu, na mng'aro unaofuata ubavu huenda umezuliwa na mfupa uliochuja miale dhaifu.